Mwanafunzi Asiyetaka Kuhitimu

Fundi umeme alikuwa juu ya ngazi, akibadilisha taa ya ukumbi wa klabu ya sataranji, aliposikia sauti ya mwanamke chini yake.

"Samahani kaka, ukimaliza utashuka ucheze, au umekuja kutuchungulia tu?"

Akatazama chini. Ukumbi ulijaa wazee, wanafunzi na akina mama, wote wameinamia mbao zao. Aliyesema alivaa gauni la zambarau, miwani kaipandisha kwenye nywele. Siku za kazi alipima watu macho. Jumamosi alifundisha wageni, maana pale hakufukuzwa mtu kwa kutojua.

"Sijui kucheza, dada."

Uongo mtupu. Baba yake mdogo alimfundisha tangu meno ya utoto hayajamtoka. Lakini meza ya wasiojua ndiyo ilikuwa ya yule dada, na fundi moyo ulishamponyoka.

Basi kila Jumamosi akawa anakosea makusudi, ili asihamishwe meza. Alisahihishwa, akachekwa, akashikwa mkono uliokosea. Wakaanza kupigiana simu.

"Una kichwa kigumu wewe," dada alimwambia kwenye simu jioni moja, "lakini nakupenda hivyo hivyo."



Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi moja mpima macho alichelewa, na kinyozi, bingwa wa klabu, akamvuta fundi kwenye meza yake. Fundi akanogewa, akajisahau. Alipomshinda kinyozi, watu wakapiga makofi. Alipogeuka, mpenzi wake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kumbe nilikuwa kichekesho chako," alisema taratibu, akaondoka.

Simu yake iliita mpaka ikachoka. Klabuni hakuonekana tena. Wageni walipokuja, fundi aliwafundisha yeye, mkono kwenye ubao, jicho mlangoni. Njiani kila gauni la zambarau lilimshtua. Nyumba yake, ambayo hakuwahi kuiona kubwa, ikamzidi ukubwa.

Mwisho uvumilivu ukamshinda, akaenda kwenye duka la miwani alikofanya kazi yule dada. Alimkuta amevaa koti jeupe, amekonda kidogo.

"Macho yanakusumbua?" aliuliza, kama anaongea na mteja yeyote.

"Macho yangu mazima. Nimechoka kudanganya."

Fundi akaisogelea kaunta. "Nilijua ukinihamisha meza, nitakukosa."

"Nilimwambia mama nimempata mtu mpole, asiye na haraka. Sasa yule nimpendaye ni nani? Ni wewe, au mtu uliyemwigiza?"

"Kutojua niliigiza. Kukungoja Jumamosi mpaka Jumamosi, sikuigiza. Mpaka leo nakungoja."

Mpima macho akaifuta miwani iliyokwisha kuwa safi.

"Nitakuja klabuni," alisema. "Ila cheza kwa nguvu zako zote. Ukiniachia hata hatua moja, tusijuane."

Jumamosi alikuja. Walicheza mpaka wenzao wakaacha mbao zao wakawazunguka. Fundi alipigana kama alivyofunzwa, kijasho kikimtoka, na bado mwanamke akambana, akambana, mpaka mfalme wa fundi akakosa pa kwenda.

"Umeniachia?"

"Wallahi sikukuachia. Nimeshindwa."

 Mwanamke akainuka, akachukua mkoba wake, akamwinamia sikioni.

"Mama anakuulizia. Ukija nyumbani, usije peke yako. Njoo na wazee wako."