Pamba Masikioni mwa Esta

Sasa mimi hadithi nitaianza sokoni, maana ndiko walikogombania redio. Soko letu la Mtwara, mwaka wa sabini na mbili, msimu wa korosho, Jumamosi. Siku hiyo hupiti bila kukanyagwa. Huku muhogo wa Mahurunga, huku samaki wa Mikindani, na katikati pale palikuwa na kibanda cha Bakari, fundi redio. Bakari huyo akitengeneza redio haamini kama imepona mpaka aifungulie ipige kelele soko zima.

Basi siku hiyo imepona redio ya mtu, inapiga muziki, watu wamejaa. Mara sauti mbili zikatoka pamoja.

"Bakari, ongeza!"

"Fundi, punguza!"

Watu wakacheka. Aliyesema ongeza ni Inasio, kijana wa Kitaya, wazee wake wametokea ng'ambo ya Ruvuma. Alikuwa mtu wa winchi bandarini. Siku hiyo kavaa suruali ya bugaluu rangi ya maziwa, chini pana kama sketi, viatu vya raizoni vyenye soli nene, shati limebana kifua, na nywele kazichana zimesimama mpaka juu. Aliyesema punguza ni msichana wa Kipare, Esta, baba yake karani wa serikali aliyehamishiwa kwetu. Gauni la buluu kola nyeupe, limeshuka chini ya magoti, maana wakati ule la juu ya magoti ungerudishwa nyumbani unalia. Nywele kasuka twende kilioni, kapu mkononi. Ukimtazama shingo, unasahau ulichokuja kununua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimefuata chumvi.

"Dada, muziki unapunguzwaje?" Inasio akamuuliza. "Huu si mchuzi, uwe na chumvi nyingi."

"Na wewe kaka unaongezewa nini? Huna masikio?"

"Ninayo mawili. Moja nikupe?"

"Baki nayo. Naona hayakutoshi."

Bakari kasimama katikati, mkono kwenye redio, hajui azungushie wapi. "Nyie, nimfuate nani?"

"Mfuate yeye," wakasema wote wawili, kila mmoja anamwonyesha mwenzake. Hapo ndipo walipocheka. Ndiyo mwanzo wenyewe.

Inasio akambebea kapu mpaka kwenye kona ya posta. Esta akamwambia pale ndipo anapofanya kazi, kwenye mitambo ya simu. Siku hizo hupigi simu mwenyewe. Unainua, anaitika msichana, unamwambia unamtaka nani, naye anachomeka waya kwenye tundu lake, mnaongea. Mkimaliza anachomoa. Sasa atajuaje mmemaliza? Anasikiliza kidogo. Akikuta kimya, anachomoa. Mkono wake umeshazoea, hata hafikirii.

Jumatatu Inasio akaingia ofisi ya getini bandarini, akainua simu.

"Namba tafadhali?"

"Nataka namba ya yule dada mwenye shingo."

"Hapa wote tuna shingo, bwana."

"Yule asiyependa muziki."

"Inasio! Utanifukuzisha kazi wewe." Lakini anacheka. Mwenzake Rozalia, aliyekaa naye benchi moja, kamkanyaga mguu.

"Jioni twende Shangani tukapunge upepo, laazizi?"

"Laazizi tangu lini? Jumamosi tu ulikuwa unanitukana."

"Nilikuwa nabembeleza."

Kisha Inasio akanyamaza. Haya zilimshika, anatafuta neno tamu zaidi, kalipata, anafungua mdomo, simu imekufa. Imechomolewa. Akabaki anaitazama kama mtu aliyenyang'anywa sahani anakula. Amekasirika? Neno gani limemuudhi? Na Esta kule hana habari, amefurahi, anajua mazungumzo yameisha vizuri.

Jioni walikwenda Shangani, na wakaendelea kwenda. Sasa sikilizeni ya Inasio. Mtu wa winchi anakaa juu ya meli, haoni chini kwenye tumbo la meli wanakofunga magunia. Genge lao la makuli lilikuwa na utaratibu wake. Chini alikuwa Alfredo, mwimbishaji, mwenye koo kama tarumbeta. Alfredo akiimba, wenzake wanaitikia, Inasio anavuta. Wimbo ukikatika tu, Inasio anakata winchi papo hapo, maana kimya ni mkono wa mtu umebanwa, au mguu. Miaka kafanya hivyo. Kimya kwake maana yake simama, kuna mtu anaumia.

Basi anatembea na Esta ufukweni, redio ndogo kwapani, anapiga mluzi, anagonga mdundo kwenye kila mnazi anaoupita. Esta ananyoosha mkono, anaichukua redio, anaizima. Anavuta pumzi. Ananyamaza zake, roho imetulia, hajawahi kupata jioni nzuri kama ile.

Na Inasio anasimama. Jasho linamtoka. "Nikurudishe nyumbani?"

"Mbona mapema?"

"Naona umenyamaza."

"Ndiyo, nimenyamaza."

"Basi twende nikurudishe."

Esta anarudi nyumbani anajiuliza, huyu mwanaume ana nini? Kila nikianza kufurahi ananirudisha kwetu. Na mwenzake anakwenda kulala anajiuliza hilohilo, kwa upande wake. Ukiniuliza mimi kwa nini hawakuulizana, siwezi kukujibu. Watu wanapendana hivyo, wanazunguka kama kuku aliyefungwa mguu.

Sasa Inasio alikuwa anapiga tumba kwenye bendi ya vijana wa bandarini. Kila Jumapili mchana kuna bugi, dansi la vijana, kwenye ukumbi wa jumuiya, vijana wanafurika, jasho, marashi, soda. Akamwalika Esta mara nyingi, mwisho Esta akakubali.

"Nitakuja kwa ajili yako, si kwa ajili ya kelele zenu."

"Kelele! Utacheza mpaka kiatu kikatike."

Akaja. Gauni la maua mekundu, kitambaa cheupe kichwani kimefunika masikio, wanja umekaa vizuri. Inasio kamwona toka jukwaani, tumba likawaka moto. Watu wanacheza, Esta naye anacheza, miguu inakwenda sawasawa na mkono wa Inasio, anatabasamu, kila kitu kizuri. Mara akageuka kwa nguvu, kitambaa kikateleza. Na Inasio akaona. Masikioni, yote mawili, Esta kajaza pamba. Pamba nyeupe kabisa, kama maiti.

Mikono ya Inasio ikasimama hewani. Tumba likikatika bendi nayo inayumba, mwenye gita kageuka, mwimbaji kabaki na neno nusu mdomoni. Inasio akashuka jukwaani hivyohivyo, akatoka nje. Esta nyuma.

"Ina! Nini tena?"

"Toa kwanza hizo pamba ndiyo utanisikia."

Esta akashika masikio, akaona haya, akazitoa. "Masikio yananiuma."

"Yanakuuma kwangu tu? Kutwa nzima unasikiliza watu wa simu, matajiri wa korosho, mapadri, yanapona. Nikipiga mimi yanauma!"

"Hayo ya simu ndiyo yanayoniuma!"

"Basi waambie hao wa simu wakuoe."

"Inasio, sikuelewi."

"Hata mimi sikuelewi. Ulikuwa unacheza nini, kama husikii?"

"Nilikuwa nakuangalia mikono!" Esta machozi yanamtoka. "Nilikuwa nacheza mikono yako, mjinga wewe."

Neno kubwa hilo, wajukuu zangu. Mtu akiniambia mimi hivyo namwoa siku hiyohiyo. Lakini Inasio alikuwa na hasira, na ndani wameshaanza kupiga tena bila yeye, wala hakulisikia vizuri. Akaondoka. Raizoni zake ko, ko, ko, mpaka akapotea.

Wiki ikaanza, hakuna simu. Na wiki hiyo ofisini kwa akina Esta wakataka mtu wa kuhamia Songea, mitambo ya kule imepungukiwa. Mkubwa akamwambia Esta, jina lako nimelipendekeza, nijibu kabla ya Ijumaa jioni. Songea ya wakati ule si jirani. Mvua ikishika barabara, huendi wala hurudi.

"Usiende," Rozalia akamwambia.

"Nibaki na nani? Mwanaume anaona wivu kwa pamba."

"Wewe ulimweleza?"

"Nilimweleza nini? Kwamba nikitoka hapa bado watu wanaongea kichwani mpaka nalala? Atasema namtafutia sababu."

"Basi nenda ukalie Songea. Kuna baridi, hutotoa jasho."

Habari hiyo ilifika bandarini Alhamisi, maana kwetu habari haihitaji simu. Inasio akaisikia akiwa juu ya winchi. Anavuta lakini akili haipo, Songea, Songea. Chini Alfredo anaimba, "Mzigo wa bibi!" na genge linaitika, "Unapaa!" "Mzigo wa babu!" "Unapaa!"

Wimbo ukakatika.

Inasio akakata winchi, neti inaning'inia. Akakimbia mpaka ukingoni, akainama. "Alfredo! Nani kaumia? Alfredo!"

Alfredo huyo, kasimama chini, kopo mdomoni. "Nakunywa maji."

"Umenyamaza!"

"Ndugu yangu, mimi mtu. Koo limekauka. Kila nikinyamaza wewe unadhani nimekufa?"

Genge lote likaangua kicheko. Inasio hakucheka. Walipopumzika kula muhogo wao, akaenda kukaa karibu naye.

"Alfredo, mbona bugi huji? Wewe ndiye mwenye sauti kuliko sisi wote. Sijakuona hata Jumapili moja."

"Nije kufanya nini?"

"Kusikia muziki."

Alfredo akamtazama kama anatazama mtu mwenye homa. "Mwenzangu, naimba toka asubuhi. Nikifika kwangu sitaki hata jogoo awike. Mke wangu Albertina kanizoea, akiniona mlangoni anawaambia watoto nyamazeni, tarumbeta limerudi. Tunakaa kibarazani, yeye ananyonyesha, mimi natazama barabara. Hakuna anayesema. Hiyo ndiyo bugi yangu mimi."

"Na wewe unapokuwa umekaa hivyo, hujakasirika?"

"Nikasirike na nani? Hapo ndipo nampenda Albertina sana."

Inasio akaacha muhogo. Jioni zote zile za Shangani zikamrudia, moja baada ya nyingine, Esta kazima redio, Esta kavuta pumzi, na yeye mwanaume mzima anamkimbiza kumrudisha kwa baba yake. Kisha zikamjia zile pamba. Akasikia sasa, siku nne zimepita, ndiyo anasikia: nilikuwa nacheza mikono yako.

"Mama yangu weee," akasema.

"Nini?"

"Hamna. Kula."

Ijumaa alasiri, akaomba mtu mwingine amkalie kwenye winchi, akaenda ofisi ya getini. Dirisha li wazi, gati iko palepale, genge linapakia. Akainua.

"Namba tafadhali?" Sauti imechoka.

"Ni mimi. Usichomoe."

"Sema, Inasio. Nina kazi."

"Esta, sikujua. Mimi mtu akinyamaza nadhani ameumia, kazi ndiyo imenifundisha. Nilikuwa nakuharibia jioni zako zote. Na pamba weka, weka hata kitambaa juu yake, njoo unitazame mikono tu, au usije kabisa, nikitoka huko nitakuja kukaa kwenu kibarazani ninyamaze. Songea usiende. Nataka kukuoa."

Alisema kwa mkupuo mmoja. Halafu hana tena. Maneno yameisha yote.

Na Esta kule mkono wake, wenyewe tu, ukaenda kwenye waya. Mkono hauna akili, unajua kazi. Umeshaushika.

"Chomoa, hiyo kimya," Rozalia akasema bila kutazama. "Kuna mtu anataka Lindi."

"Mwambie laini ya Lindi ina watu."

Hakuchomoa. Akasikiliza. Kwanza hakusikia kitu. Halafu, mbali kabisa, kwa dirisha lile la bandarini, kikaingia kisauti kidogo, kimepungua mpaka kimebaki kama cha mdudu. Mzigo wa bibi. Unapaa. Mzigo wa babu. Unapaa. Ule wimbo ambao Inasio alikuwa akiupigia mluzi Shangani mpaka Esta anataka kumtumbukiza baharini, leo unakuja kupitia waya, mdogo, mpole, masikio hayaumi hata kidogo. Akaegemeza kichwa kwenye ubao, akafumba macho.

"Esta?" Inasio jasho linamtoka. "Umenyamaza."

"Ndiyo, nimenyamaza."

Akataka kusema basi, akataka kuweka simu chini akimbie. Akajizuia. "Umeumia?"

"Sijaumia. Usiseme kitu. Sogeza simu dirishani."

Akasogeza, mkono umenyooka kama anakausha shati. Wimbo ukaenda mpaka mwisho wake. Kisha akairudisha sikioni taratibu.

"Songea siendi," Esta akasema. "Mlete mshenga kwa baba."

"Nimtume nani?"

"Alfredo. Ila asije akiimba."

Inasio akacheka mpaka karani wa getini akatoka kutazama. Nje genge lilikuwa limenyamaza nalo, nadhani Alfredo alikuwa anakunywa maji. Pakawa kimya bandarini, kimya posta. Mtu wa Lindi anasubiri, mkubwa wa Esta anasubiri jibu lake. Nao wawili wamekaa vilevile, huyu na simu yake, yule na waya wake, hakuna anayesema neno, na hakuna aliyechomoa.