Funguo Kiunoni mwa Mkwe Wangu

Nyumbani kwetu, mkwe wangu tulimtambua kwa mlio. Kabla hajafika mlangoni tulisikia funguo zikilia kiunoni mwake. Mjukuu wangu akisikia tu, mbio na kitana mkononi.

"Mama, leo utanisuka?"

"Kesho, mwanangu. Leo miguu si yangu."

Kesho yenyewe haikufika. Mtoto alikwenda shule nywele zimefumuka nusu kichwa. Mimi vidole vyangu vinauma, kusuka siwezi tena. Baba yake ni seremala. Alijaribu siku moja, Mungu amsamehe, mtoto akarudi kutoka shule analia.

Mkwe wangu ni muuguzi. Alikuwa amepandishwa cheo, akawa mkuu wa wodi ya wanawake. Tulifurahi sana siku ile. Lakini jamani, cheo kilitaka kummaliza! Alikwenda kazini hata siku yake ya mapumziko. Akikaa mezani, simu inalia.

"Sista, glavu ziko wapi?"

"Sista, pamba imekwisha, tufanyeje?"

Anaacha chakula, anaondoka. Mwanangu alikuwa akitania, "Mama, nilidhani nimeoa mtu mmoja. Kumbe nimeoa wodi nzima." Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha mdomoni tu.

Siku moja nikamwuliza, "Kwani wenzako hawana mikono?"

"Mama, wale hawaaminiki. Nikigeuka tu, vitu vinapotea. Sasa nimefungia kila kitu kabatini, na funguo ninazo mimi."

Nikayaacha hapo. Mama mkwe akisema sana huambiwa ana gubu.

Mimi nina ugonjwa wa kisukari. Nilipata kidonda mguuni, nikakipuuza, kikanizidi. Daktari akaamuru nilazwe. Nikalazwa wapi? Wodi ile ile ya mkwe wangu! Basi nikawa nimelala pale, kitanda cha dirishani, nayaona yote kwa macho yangu.

Wodi ilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Vitanda vimepangwa pande mbili. Mwishoni kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli kubwa. Dawa humo, vipimo humo, dripu humo. Muuguzi akitaka hata kipande cha plasta, lazima amtafute mkwe wangu.

Kulikuwa na muuguzi mmoja kijana, mwembamba, mwepesi wa miguu. Wagonjwa tulimwita Chiriku kwa sababu alipenda kuongea. Alikujua wewe, alijua na wajukuu zako. Lakini mlio wa funguo ukisikika, Chiriku anakuwa bubu.

Nilijua sababu siku ya pili. Alimsogelea mkwe wangu akasema, "Sista, nafikiri yule bibi wa..."

"Nimekuuliza?" mkwe wangu akamkatiza. "Wewe fanya nilichokutuma."

Alisema hayo mbele yetu wote. Chiriku aliinamisha kichwa. Mimi niligeukia ukutani kwa aibu, maana huyo anayekemea ni wa kwetu.

Asubuhi iliyofuata mkwe wangu akaja na sindano yangu ya insulini. Sindano ya kushusha sukari hakumwachia mtu. Alichoma mwenyewe.

"Mama, chai inakuja sasa hivi. Ikifika tu, ule."

"Haya, mwanangu."

Hapo hapo akaitwa mkutanoni kwa mganga mkuu. Akaondoka mbio, funguo zikilia. Hakumwambia mtu yeyote kwamba amenichoma.

Na chai haikuja. Kumbe maji yalikatika jikoni. Nikangoja. Mikono ikaanza kutetemeka. Jasho jembamba likanitoka, na moyo ukawa unakwenda mbio. Nikasikia njaa ambayo sijawahi kuisikia. Sindano ilishusha sukari mwilini, na tumboni hamna kitu cha kuipandisha.

Chiriku akaniona. "Bibi, mbona unatoka jasho hivi? Umechomwa sindano leo?"

Nilitaka kumjibu, lakini ulimi ulikuwa mzito. Wanasema nilimwambia awafungie kuku mlango. Kuku gani wodini? Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Yaliyofuata nilisimuliwa na mama wa kitanda cha jirani. Huyo hapitwi na jambo, na namshukuru kwa hilo. Alisema nililegea kama nguo iliyoloa. Yeye mwenyewe alichukua soda yake ili aninyweshe.

"Hapana, mama!" Chiriku akamzuia. "Angekuwa anajitambua, ningempa mara moja. Asiyejitambua hanyweshwi kitu. Kitampalia, kiingie mapafuni."

Akanilaza ubavu. Akamwita mwenzake anishike. Yeye akakimbilia kabatini. Kufuli. Akampigia simu mkwe wangu. Simu imezimwa, yuko mkutanoni. Kipimo cha sukari kilikuwa ndani ya kabati. Maji ya sukari ya kutia mshipani yalikuwa ndani ya kabati. Na uhai wangu, kwa maneno mengine, ulikuwa ndani ya kabati.

Chiriku akatoka mbio, akavuka ukumbi hadi wodi ya wanaume. Mkuu wa wodi ile ni mzee mwenye mvi aitwaye Taratibu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mwendo wake. Basi siku ile, wasema, watu walimwona Taratibu akikimbia! Alikuja na kipimo na dawa mikononi. Alipima, sukari ilikuwa chini sana. Wakanitia maji ya sukari mshipani, yeye na Chiriku.

Nikafumbua macho. Uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Chiriku, machozi yanamtiririka.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hakuna, bibi," akasema, akicheka na kulia pamoja. "Hakuna aliyekufa."

Mkwe wangu aliporudi alikuta watu wamezunguka kitanda changu. Hakuhitaji kuelezwa sana. Alitazama dripu, akatazama kabati, akashika funguo zake kiunoni. Akapiga magoti pale sakafuni.

"Mama, nisamehe. Ningekuua kwa mkono wangu." Halafu akamgeukia Taratibu. "Kaka, cheo hiki nakirudisha leo leo. Sikiwezi."

Taratibu akavuta kiti, akakaa. Sasa alikuwa amerudia mwendo wake.

"Nani alijua mama amechomwa sindano?" akauliza.

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Hakuna, kaka."

"Basi ulipotoka hapa ulitoka na habari, ukatoka na funguo. Wodi uliiachia nini?"

"Lakini kaka, vitu vilikuwa vinapotea! Wewe vyako havipotei?"

"Vilipotea zamani. Sasa kila zamu ina kiongozi wake, na funguo anazishika yeye. Anapokea vifaa akivihesabu, na akitoka anamhesabia mwenzake. Nakwambia, mtu ukimkabidhi kitu kwa heshima, atakilinda kuliko wewe. Ila vifaa vya dharura mimi sivifungii. Vinakaa kwenye toroli, wazi, na kila zamu inavikagua."

"Na wakikosea?"

"Watakosea, kwani wewe leo umefanya nini?" Taratibu alisema bila ukali. "Mwite pembeni, mweleweshe. Usimvunje mbele ya wagonjwa. Huyu binti ameniambia alikuwa na neno la kusema jana, ulilisikiliza?"

Chiriku akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kusema kwamba bibi huchelewa kuletewa chai, Sista. Niliogopa kwamba siku moja sindano itaitangulia chai."

Lo! Mkwe wangu akaanza kulia.

"Kuongoza si kufanya yote peke yako, dada," Taratibu akaendelea. "Kuongoza ni kuhakikisha yote yanafanyika, hata kama hupo. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mkwe wangu bado alikuwa analia. Nikamshika mkono. "Mwanangu, usirudishe cheo. Gawa funguo."

Kesho yake asubuhi, zamu zilipobadilishana, mkwe wangu aliwakusanya wauguzi katikati ya wodi. Akamsimamisha Chiriku mbele.

"Nilikukemea mbele ya wagonjwa," alisema. "Na mbele yao nakuomba radhi. Jana ulimwokoa mama yangu. Asante." Akafungua mkanda kiunoni, akatoa funguo, akamwekea mkononi. "Zamu hii unaiongoza wewe."

Mama wa kitanda cha jirani alipiga vigelegele mpaka daktari akachungulia.

Kuanzia siku ile walikabidhiana zamu kitanda kwa kitanda, siyo mlangoni huku mtu anavua koti. Walipofika kwangu, muuguzi aliyekuwa akitoka alieleza hali yangu, nami nikisikia. Chiriku akajibu, "Huyu bibi atachomwa sindano chai ikiwa mezani. Nitakaa naye mpaka amalize kula."

"Hata mkate huu mkavu?" nikauliza.

"Hata huo, bibi. Wote."

Msidhani ilikuwa rahisi. Mara nyingi nilimwona mkwe wangu akipapasa kiuno, anatafuta funguo ambazo hanazo. Siku moja alimpokonya muuguzi bandeji, kisha akashtuka, akamrudishia. "Endelea, mwenzangu. Nilijisahau." Muuguzi mwingine alipokosea kidogo kupima dozi, alikwenda kumwambia mwenyewe kabla ya kuitoa. Zamani angeficha. Kidonda changu kilipona, nikarudi nyumbani kwa miguu yangu miwili. Nawashukuru wote. Chiriku namwombea dua mpaka leo, yeye na miguu yake myepesi.

Sasa niwaambie ya Jumapili.

Mkwe wangu alikuwa nyumbani, siku yake ya kupumzika, na kweli alipumzika. Mjukuu wangu alikuwa ameketi chini kati ya magoti yake, anasukwa. Upande mmoja umeisha, upande wa pili umesimama wima. Simu ikalia. Mtoto akafumba macho. Alijua mwisho wake.

Mkwe wangu akapokea. Sauti ya Chiriku niliisikia hata mimi.

"Sista, nakupa taarifa tu. Mama mmoja aliyejifungua jana alizidiwa, damu ilikuwa inamtoka nyingi. Tulimwita daktari, tukampa dawa ya kwenye toroli, kila mtu kwa nafasi yake. Damu imekata. Anaendelea vizuri na mtoto yuko naye. Usije, Sista. Kila kitu kiko sawa."

"Mmefanya vizuri sana," mkwe wangu alisema. "Waambie wote nawashukuru."

Akaweka simu. Akashika tena kitana. Nikaona machozi.

"Vipi tena?" nikauliza.

"Mama, wameokoa mtu. Bila mimi."

"Bila wewe?" nikasema. "Na funguo waliachiwa na nani? Hebu maliza kichwa cha mtoto."