Mgongo kwa Mgongo

Jumamosi asubuhi, kwenye lundo la viatu vya mitumba katika soko la Kakamega, Navalayo alikuwa ameinama akitafuta raba ya mguu wa kulia. Ya kushoto alikuwa nayo tayari, nyeupe, yenye mstari wa waridi ubavuni, na roho yake ilikuwa imekwisha kuipenda. Wauza viatu wa hapo walikuwa na tabia ya kutawanya jozi makusudi, ili mteja apekue mpaka achoke, na akishachoka asiwe na nguvu za kubishania bei. Alipoinua kichwa apumue, akaona kiatu chake kimeshikwa na mwanamume aliyesimama upande wa pili wa lundo.

Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani ya fremu nyeusi na shati jeupe la mikono mirefu, limepigwa pasi utadhani anakwenda kubatizwa. Navalayo siku hiyo alivaa gauni la maua ya manjano na kitambaa cha kichwa kilichoanza kulegea kwa kuinama, na hakujua jinsi alivyopendeza. Wanawake wazuri mara nyingi hupendeza hivyo, wakiwa wamejisahau.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Hata mimi natafuta ya kushoto. Ni saizi yangu."

Navalayo alimtazama miguu. Kwa urefu ule wote, ilikuwa midogo ajabu. "Mwanaume mzima, saizi yako hii?"

"Mungu alipofika kwa miguu, udongo ulikuwa umeisha," kijana alijibu, na hakuona haya hata kidogo.

Walicheka mpaka mwenye viatu akaanza kuingiwa na hofu kwamba hawatanunua. Kijana akakabidhi raba ile kwa sharti moja tu, aambiwe itatumika wapi. Navalayo akamweleza kwamba anafanya kazi kwenye swichibodi ya chama cha ushirika cha wakulima, anashinda amekaa, na sketi zimeanza kumkataa. Yeye na rafiki yake Winrose walikuwa wanatafuta mahali pa mazoezi na hawajui wachague wapi. Kulikuwa na jimu ya vyuma nyuma ya kituo cha petroli, na kulikuwa na madarasa ya erobiki ya Chepkirui katika ukumbi wa mabati upande wa Amalemba.

"Kule kwa vyuma watu wanaendanga kujiangalia kwa kioo," kijana alisema. "Kwa Chepkirui wanaendanga kuonana. Chagua wewe."

Navalayo alichagua, na msomaji hana haja ya kuambiwa alichagua wapi. Jumanne jioni alikuwa ukumbini na raba zake, na kijana yule akiwa mstari wa mbele kwa bukta ya samawati inayong'aa. Jina lake lilikuwa Andati, kwao Mumias, mfanyakazi wa duka la miwani karibu na posta.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo erobiki ilikuwa imeingia mijini na kila aliyejiheshimu alitaka kuonekana amefunga taulo shingoni. Chepkirui aliwahi kukimbia mbio ndefu na goti likamsaliti, na sasa aliwatesa watu wa mjini kwa sauti ya upole. Redio ya kaseti ilipigwa kutoka jukwaani. Wauguzi walikuja, makarani walikuja, na mke wa mchungaji alikuja na sketi yake ndefu na hakukosea hatua. Mara nyingi mvua ya jioni ilishuka kutoka upande wa msituni katikati ya darasa, mabati yakanguruma, muziki ukamezwa, na watu wote wakaendelea kuruka kwa kukumbuka tu mdundo. Madirisha yalifunikwa na mvuke. Nje miti ilipotea katika ukungu, na kwa muda huo ilikuwa rahisi kuamini kwamba dunia imebaki ni ukumbi ule mmoja.

Andati alivua miwani kila darasa likianza, maana jasho liliiharibu. Bila miwani hakumtambua mtu hata wa hatua tatu, aliona rangi tu. Alimwambia Navalayo kwamba humjua kwa utepe wake wa rangi ya chungwa kichwani, na kwamba siku utepe ule ukikosekana, mazoezi huwa mazoezi tu.

Baada ya darasa walikaa kwenye ngazi na wengine, chai ya thermosi ikizunguka na mahindi ya kuchoma yakigawanywa, wakisubiri mvua ipungue. Mvua ikipungua wengine waliondoka. Wao wawili walisema bado inanyesha.

Halafu zikaja simu. Kila siku saa nne, taa ndogo iliwaka kwenye swichibodi na Navalayo alikaa wima kabla ya kuichomekea waya.

"Ushirika, habari ya asubuhi."

"Nataka meneja."

"Meneja yuko mkutanoni."

"Basi nipe yule msichana anashikanga simu. Mwambie ni mgonjwa wa macho."

"Macho yana nini?"

"Yamezoea kitu kimoja. Vingine vyote yanakataa kuona."

Navalayo aligeukia ukutani ili wenzake wasimwone anavyotabasamu. Alipenda, tuseme ukweli. Alipenda mpaka ugali ukawa hauna ladha kabla hajazungumza na mtu fulani. Lakini alikuwa na kidonda cha zamani. Kabla ya Andati alikuwa na Phineas, karani wa baraza, aliyemwomba kwa sauti ya huruma asimlete mama yake kwenye harusi ya dada yake yeye Phineas, kwa sababu ya harufu ya omena. Mama Zilpah, mjane, aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na samaki wakavu pale sokoni, na kwa omena hiyo Navalayo alisoma mpaka akavaa viatu vya kisigino. Navalayo alimwacha Phineas siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila mwanamume alimpima kwa mizani moja: atamtazamaje mama? Na Andati bado hakuwa amepimwa, wala hakuwa ametamka neno ndoa.

Mama Zilpah alikuwa na presha. Muuguzi mmoja alimwambia waziwazi kwamba akiendelea kukaa nyuma ya samaki siku nzima bila kuutikisa mwili, moyo utamshinda. Navalayo alimbembeleza aje kwa Chepkirui. Mama akasema kurukaruka ni kwa watoto. Akabembelezwa tena, akakubali kwa sharti kwamba asichekwe.

Alhamisi ya kwanza Navalayo alichelewa kazini. Mama alitoka sokoni moja kwa moja, akavaa sketi ya zamani ya netiboli ya binti yake na leso juu yake, akasimama nyuma kabisa. Chepkirui akatangaza zoezi la wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mikono imefungana kwa viwiko, mmoja akiinama amwinue mwenzake. Waliokosa wenzao walikuwa wawili: mama yule mgeni, na Andati aliyekuwa akimngoja Navalayo.

Andati bila miwani aliona leso ya kijani na mwili mnene, akafurahi kusaidia. Akafunga viwiko na mama, akainama, akambeba mgongoni miguu ikining'inia hewani. Mama akacheka kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Andati, kwa mdomo wake usio na breki, akamwambia kwamba mrembo kama huyu angembeba hata mpaka Lubao.

Hapo ndipo Navalayo alipoingia, akaona watu wawili awapendao wamefungana migongo, na moyo wake ukajaa. "Mama!" aliita kutoka mlangoni. "Kumbe mmeshajuana na Andati."

Andati aliachia mikono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Mama Zilpah akaangukia magoti. Badala ya kumwinua, Andati alirudi nyuma, mikono mgongoni, macho sakafuni, akazunguka ukuta mzima ili asipite karibu naye, akatoka mvuani na bukta yake bila taulo wala viatu vya kubadili. Hakusema pole wala kwaheri.

Mama aliinuka polepole akijifuta magoti. "Nimetoka soko bila kuoga," alimnong'oneza binti yake. Phineas angalau aliomba kwa adabu. Huyu alimwangusha mama yake chini mbele ya watu.

Kesho yake saa nne taa iliwaka.

"Nava, nisikilize kwanza."

"Namba unayotaka haiko hapa," alisema, akachomoa waya.

Aliichomoa kesho yake tena, na wiki iliyofuata. Andati alipokuja hadi lango la ofisi, Navalayo alimwambia askari kwamba hamjui mtu huyo. Winrose alipotaka kumpa ujumbe wake, aliziba masikio. Hasira hasara, nasi tunaosimulia tungependa kumshika mkono tumwambie asikilize, lakini nani aliwahi kumshauri mwenye kidonda akasikia? Winrose alifaulu kumpa habari moja tu. Andati amehamia kwa vyuma, nyuma ya kituo cha petroli, anainua mizigo mizito na hata hajui anainua nini.

Kwa Navalayo huo ulikuwa ushahidi kamili. Amekimbia omena, amekwenda kwa watu wa kioo.

Ajabu ni kwamba mama hakununa. Alizidi kupenda darasa, presha ikaanza kushuka, na jioni akigeuza samaki wake aliimba chinichini nyimbo za kanisani. Siku moja Navalayo alipomwaga yote aliyonayo juu ya Andati, mama alimkatiza.

"Usimseme huyo kijana vibaya."

"Mama, alikuangusha."

"Niliona. Mimi ndiye nilianguka." Akageuza samaki mwingine. "Hayo mengine, mimi si mtu wa kuulizwa."

Navalayo alidhani mama anaficha aibu. Alimhurumia, akamchukia Andati mara mbili, na katikati ya darasa macho yake yaliendelea kutafuta bukta ya samawati katika mstari wa mbele. Aliruka, aliinama, alinyoosha mikono, na kila kitu kilipita mbele yake kwa mbali, kama kinachoonekana kupitia dirisha lenye mvuke.

Jioni moja mvua ilikuwa imeshuka kweli kweli. Navalayo alitoka kunawa uso kwenye tangi la maji, na nyuma ya kona, chini ya ukingo wa bati, akamkuta mwanamume aliyevaa suti ya kijivu, tai imefungwa mpaka juu, maji yakimchuruzika kwenye kola. Alitaka kurudi. Miguu ikakataa.

"Ingia ndani umwombe mama msamaha," alimwambia. "Halafu uende."

"Siwezi kuingia. Yuko ndani."

"Unaogopa atakunukia?"

Andati alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Anukie nini?"

Navalayo akamtamkia, omena, Phineas, magoti ya mama sakafuni, yote, akilia kwa hasira na mvua ikimsaidia kuficha. Andati alisikiliza mpaka mwisho.

"Nava. Baba yangu akikutana na mama mkwe wake kwa barabara ya Mumias, anaingianga ndani ya miwa na baiskeli yake. Ni heshima, mpaka leo. Hajawahi kumpa mkono. Na mimi nimembeba mama yako mgongoni, na bukta, nikimwita mrembo."

"Lakini yeye si mama mkwe wako."

"Kwangu alikuwa ameshakuwa." Sauti yake ilishuka. "Nilikuwa nimeshakuoa moyoni tangu siku ya viatu. Ni wewe tu nilikuwa sijakuambia. Uliposema 'mama', nilijua nimeharibu kila kitu. Nikahama hapa ili yeye asihame. Yeye ndiye anahitaji haya mazoezi."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Navalayo alisimama pale na raba zake zimelowa, akipanga upya kila kitu kichwani: mikono mgongoni, macho sakafuni, ukuta mzima aliouzunguka. Mambo haya aliyajua tangu utoto, kila mtoto wa kwao anayajua. Hakuyatambua kwa sababu hayakuwahi kumjia bila posa kutangulia.

"Ungeniambia," alisema.

"Ulikuwa unachomoa waya."

Alicheka na kulia pamoja, akamshika kola ya suti ile iliyolowa. "Kwa hivyo unaniuliza ama huniulizi?"

"Nakuuliza, kipenzi. Utakubali mtu wa miguu midogo?"

"Nimekubali. Lakini mama hujamwomba radhi."

"Nitamwombaje na sipaswi hata kumwangalia? Nibebee wewe. Mwambie namwomba anisamehe kwa kumwangusha."

Navalayo akaingia ukumbini, maji yakimtiririka, akasimama mahali pake kando ya mama. Chepkirui alikuwa amewaambia wote wainue mikono juu. Navalayo akainua yake, akamnong'oneza mama ujumbe ule, neno kwa neno.

Mama Zilpah hakugeuza kichwa. Alishusha mikono na darasa, akaiinua na darasa.

"Amekuja na nani?"

"Peke yake."

"Kwetu mtu hajitumangi mwenyewe. Mwambie akuje na wazee wao." Akainama kushoto, akainama kulia, pumzi ikimtoka kwa shida, na uso wake ukaanza kung'aa pasipo yeye kuuruhusu. "Na wakuje Jumapili. Jumamosi niko soko."

Navalayo alitoka tena mvuani, kichwa wazi, kupeleka jibu.