Sauti Kifuani mwa Nyanya

Treni ya Mombasa ilikuwa imechelewa, na stesheni ya Voi ilijaa watu, mizigo na vumbi jekundu. Mkamburi, katika gauni lake la maua ya samawati, alipigwa kikumbo. Boksi likamponyoka. Karani wa stesheni akalidaka.

"Dada, umebeba mayai?"

"Nimebeba masikio ya nyanya yangu."

Karani huyo, Jeconia Okoth, akacheka hadi kofia ikamtoka. Ndivyo walivyojuana, mwaka wa 1974.

Kifaa kile cha kumsaidia Nyanya kusikia kilikuwa kijisanduku cha kuning'inia kifuani, chenye waya wa kwenda sikioni na swichi ndogo kama punje ya mchele. Vidole vya Nyanya Penina, vilivyokakamaa kwa jembe huko Mwanda, havikuihisi. Kutwa aliketi katika duka aliloachiwa na Babu, marehemu aliyekohoa vumbi la mkonge hadi kaburini, akiegemea kaunta kando ya simu.

Siku moja simu ikalia, Mkamburi akaipokea. Alikuwa Jeconia, ambaye sasa walikuwa wapenzi.

"Mpenzi, Jumamosi nakuja kukuchukua."

"Unichukue kama kifurushi?"

"Kifurushi changu. Hakina risiti."

Mkamburi alipogeuka, Nyanya alikuwa amekikumbatia kijisanduku kwa mikono miwili.

"Dunia imenyamaza, mjukuu wangu. Kisha mwanamume akasema humu kifuani: Jumamosi nakuja kukuchukua. Wahenga wetu, wazee wa pango la mafuvu, wanakutaka."

Mkamburi akaitazama simu. Maneno yale yalisemwa kwenye simu, akayasikia yeye peke yake. Jumamosi Nyanya alipokomea mlango, Mkamburi hakumpinga.

Jumatatu Jeconia aliingia dukani, uso umemkauka.

"Nilisimama mlangoni kwenu na tiketi mbili za Taveta kama mjinga. Nimekubali uhamisho wa Kisumu. Naondoka kesho."

Mkamburi akamweleza yote, machozi yakimtiririka. Jeconia akainama.

"Shikamoo, Nyanya."

Nyanya hakugeuka. Jeconia akakitazama kijisanduku.

"Swichi imeteleza upande wa simu. Hasikii watu, anasikia yanayopita kwenye waya wa simu iliyo kando yake. Usiiguse. Ningoje."

Akatoka mbio kwenda stesheni. Punde simu ikalia.

"Mkamburi, nikubali niwe mume wako. Uhamisho nitaukataa."

"Mimi nimekubali. Mwombe Nyanya, anakusikia."

"Nyanya, ni mimi Jeconia Okoth. Nipe mjukuu wako."

Nyanya akafumba macho, kiganja kifuani.

"Kumbe ni wewe, Mjaluo! Mchukue. Na Babu yenu amekubali. Nimemsikia akikohoa."

Mkamburi akaugandamiza mkonga wa simu sikioni.

"Jeconia, umekohoa?"

"La, mpenzi. Nilidhani ni Nyanya."