Sampuli Namba 417

Stesheni ya treni ya mji wa Uppsala ilikuwa imefurika watu Joar alipomkumba Hedvig na kulimwagia kahawa koti lake jekundu la sufu.

"Samahani, dada! Nilikuwa naangalia bandeji yangu. Nimetoka kutoa damu ya utafiti. Mimi ndiye namba 417, mzima kabisa, sina hata mafua."

Hedvig akacheka. "Basi damu yako inakuja kwangu."

Hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa takwimu, akiifundisha kompyuta kuchambua maelfu ya protini za damu na kutambua zile zinazofichua saratani ya kongosho kabla mtu hajaanza kuumwa.

Joar alikuwa fundi wa piano, ndevu rangi ya shaba, maneno mengi. Kabla theluji haijayeyuka, wakawa wanaitana laazizi kwenye simu.

Jumanne moja asubuhi kompyuta ikaiweka 417 kwenye kundi la wagonjwa. Hedvig alirudia hesabu mara tatu, jibu likawa lile lile. Kanuni zilimkataza kumwambia mshiriki chochote, hivyo akamwandikia daktari wa utafiti, naye akasema kamati ya maadili ya utafiti ikae kwanza.

Siku tisa hakupokea simu za Joar. Sauti ingemsaliti. Siku ya kumi akamkuta mlangoni mwa maabara.

"Umenichoka, sema tu."

"Sijakuchoka."

"Kuna mwingine?"

Simu ya Joar ikalia. Hospitali ikamwita akapigwe picha ya kongosho. Alisikiliza, akasawajika.

"Ulijua!"

"Nilikatazwa, mpenzi. Na mashine hukosea..."

Aliondoka bila kugeuka. Wiki moja baadaye Joar akapiga simu.

"Picha imeonyesha uvimbe, mdogo kama punje ya dengu. Kesho asubuhi wananipasua. Nina hasira nawe, Hedvig, lakini naogopa zaidi. Njoo."

Asubuhi iliyofuata Hedvig alimkuta kitandani, kavaa gauni la hospitali, miguu mirefu imetokeza.

"Wewe wa hesabu, nitapona?"

"Umewahi kuliko wengi. Zaidi ya hapo sijui."

"Basi nijibu unalolijua. Utaolewa nami?"

"Nikikataa?"

"Nitaingia huko nikilia."

"Ndiyo, kipenzi. Nitaolewa nawe."

Muuguzi akakisukuma kitanda. Hedvig akaandamana nacho, kiganja chake kikilowa jasho ndani ya cha Joar, mpaka milango ikafungwa.

Saa sita baadaye daktari akatoka, akavua barakoa.

"Tumeutoa wote. Kama uvimbe utarudi, tutajua baada ya miaka."

Hedvig akauliza anaweza kuingia kumwona saa ngapi.