Diski ya Marehemu

Mkwe wa shoga yangu ni fundi kompyuta, mvivu kama paka aliyeshiba. Mjane alimletea diski kuukuu ya marehemu mumewe. "Nitolee sauti yake, mwanangu, sina kingine cha kumkumbuka. Kisha uiharibu, watu wasije wakachokora mambo yetu."

Fundi akanakili, halafu akaitoboa diski kwa keekee, matundu matatu.

"Nakala umeisikiliza kwanza?" mjane akauliza.

"Mama, wasiwasi wa nini?"

Umeme ukakatika, kibanda kikawa giza. Akafungua nakala kwenye laptopu. Ndani yake ikanguruma keekee, na mwanamume akahesabu polepole: "Moja. Mbili. Tatu."



"Ndiye mwenyewe," mjane akanong'ona.

"Nne."

Fundi akaipapasa diski gizani. Kidole chake kikaingia kwenye tundu la nne, bado la moto.