Foleni Mlangoni kwa Mikail

Mikail alikuwa bado sakafuni, fuvu limebonyea, na tayari watu kumi na wawili walikuwa wamepanga foleni nje, magodoro kichwani.

"Hawa ni mashahidi?" aliuliza Inspekta Wavinya.

"Hao? Wanataka chumba," alijibu Mama Kavindu, mwenye ploti. "Tangu machimbo ya chokaa yafunguliwe hapa Tulia, hata banda la kuku lina mpangaji. Nimepiga nduru saa tatu, wakafika kupima dirisha kabla ya nyinyi polisi."

Wavinya alivaa glavu. Damu ilikuwa imeruka hadi kwenye mabati. Mapigo sita ya kitu kizito, la kwanza kutoka nyuma. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka. Maskini alijaribu kutambaa. Simu na pesa zilikuwa mezani. Haukuwa wizi.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jana saa kumi na mbili jioni. Alinunua chapati kwangu, akaniambia ni ngumu kuliko mawe anayochimba."

Inspekta alipotoka, foleni ilijinyoosha kama ya watafuta kazi.

"Madam, mimi ndiye wa kwanza," alisema mvunja mawe mmoja, Nthiwa, amekumbatia godoro lililokunjwa. "Mkitoa mwili, naingia. Damu nitaosha mwenyewe."

"Huogopi mzimu?"

"Tunalala watu sita chumba kimoja, Madam. Mzimu mmoja ni nafuu."

Foleni ikaangua kicheko.

"Habari ulizisikia saa ngapi?"

"Nduru ilipolia. Kama hawa wote."

Pikapu ikapiga honi. Nyuma yake, katikati ya sufuria na meza, alikaa mwanamke na mtoto mapajani.

"Baba Mutisya! Nyumba yetu ni hii?"

"Kalondu, nyamaza!" Nthiwa alifoka.

Wavinya alishafika kwenye gari. "Karibu, mama. Mmetoka wapi?"

"Kathonzweni. Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri."

"Nani alikwambia nyumba imepatikana?"

"Si yeye? Alinipigia jana saa kumi mchana, napika muthokoi. Akasema kuna mtu anahama."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jana saa kumi, Mikail alikuwa hata hajanunua chapati.

Nthiwa alichomoa nyundo ndani ya godoro, ina damu kavu na nywele. Akairusha kwa nguvu zote. Wavinya aliinama, kioo cha pikapu kikapasuka. Kitako cha bastola yake kikatua kwenye taya la Nthiwa, meno mawili yakaruka vumbini. Pingu zikalia.

"Kwa nini?"

"Nilimbembeleza anipishe," Nthiwa alitema damu. "Hana mke, hana mtoto, analala peke yake kama chifu! Akanicheka. Wakwe zangu walisema mtoto akifikisha mwaka bila kulala kwa baba yake, hawatanipa tena mke wala mtoto. Anafikisha kesho."

"Kwa hiyo ulimpiga kwa hasira?"

"La kwanza nilikuwa nimelipanga, Madam. Hasira ilikuja alipokataa kufa."

Kalondu hakulia. Alimfunika mtoto macho kwa leso.

"Dereva," alisema, "geuza gari."

Mlangoni palibaki nafasi aliyosimama Nthiwa. Foleni ilisubiri kidogo, kwa heshima. Kisha ikasonga hatua moja mbele.